Mabega ya Mwakiro

Pale Nyamugari, mtaa wa Gitega, mbele ya cherehani ya fundi Waziri, kuna benchi ambalo kila Jumamosi asubuhi huwa mali ya watu wa Mwakiro, kule Muyinga. Fredi, tuliyempa jina la Ghorofa, hukaa katikati. Kushoto kwake yupo Kasiano Mtaalamu, anayejua kila kitu. Kisha Moses na Bahati, ambao kazi yao ni kucheka. Wote wanne ni wajenzi waliotoka Muyinga. Mimi wananiita Debati, kwa sababu nasoma chuo na sinyamazi. Kahawa ni ya shangazi yangu Amisa.

— Muyinga inaisha watu, nikasema. Mnajazana hapa, kule nani analima?

— Ni mteremko tu, Debati, akasema Kasiano. Muyinga iko juu, Gitega iko chini. Mtu ni kama maji.

— Alors, Bujumbura kule chini kabisa wote wangekuwa wameshakufa maji! akadakia Waziri, mguu ungali kwenye cherehani. Mi nasema ni hewa ya capitale, ya mji mkuu. Ukivuta mara moja, we umekwisha. Hata mbuzi ya Muyinga ikifika huku inakataa kurudi.

— Inakataaje, nikauliza, imeshakuwa brosheti kijitini?

Moses na Bahati wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Na wewe, Ghorofa? nikamgeukia Fredi.

— Mimi methali ndiyo ilinifukuza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Tuliporudi Mwakiro, siku ya tatu mama akanipa jembe. Nikajua, kumbe hata kwetu mimi mgeni.

— Methali umeishika mkiani! nikamwambia.

— Lakini nitarudi, dada. Jengo likiisha tu. Naota moshi wa jiko la mama. Nikiamka nanusa blanketi.

— Mwaka juzi ulisema hivyohivyo, likiwa ghorofa moja.

— Bosi ameongeza ya tatu.

Hapo akafika mama mmoja, kanga begani, mfuko wa maharage mkononi. Alikuwa Gaudensia, jirani wa kina Fredi kule Mwakiro.

— Yametoka kwa mama yako haya, akamwambia Fredi. Alikataa uambiwe kwenye simu kwamba anaumwa, usije ukaacha kazi. Jumanne tulimpeleka kituo cha afya kwa ingobyi.

Ingobyi, kile kitanda cha fito cha kubebea mgonjwa, hutaka mabega manne ya wanaume.

— Nani alimbeba? akauliza Fredi.

— Mimi, jirani yetu Klara na wajane wawili. Tulimwangusha mara moja. Akacheka, akasema mabega yapo, yanabeba matofali Gitega.

Gaudensia akawatazama mmoja mmoja, kama anayehesabu.

— Jumatatu tunamrudisha kituoni. Basi la kwenda Muyinga linatoka saa ngapi?

Kasiano akamtazama Moses. Moses akamtazama Bahati. Hakuna aliyecheka. Miaka yote hiyo walilijua basi la kuja tu. Hata mimi, na mdomo wangu wote, sikujua. Shangazi akainamisha birika, halikutoa tone.

Fredi alikuwa ameshasimama, mfuko wa maharage begani.

— Twende tukaulize, mama.

Wakaondoka.

— Bado mabega matatu! nikawaambia waliobaki.

Kasiano akainua kikombe kitupu, akanywa hewa.