Mtu wa Nne Kwenye Picha: Kumuaga Bi Misao Negishi

Bi Misao Negishi alianza kazi hapa Studio Kakuta, mjini Kumagaya, miaka thelathini na minne iliyopita, na tarehe 31 Agosti mwaka huu anastaafu. Bwana Kakuta, mwenye studio, ameniomba mimi, Ochiai mpiga picha, niandike maneno machache yenye heshima. Heshima ninayo. Uchache sikumwahidi.

Wateja wengi hudhani picha ya familia inaanza pale ninaponyanyua kamera. Wapi! Picha zetu za kiangazi, zile za nje kwenye tuta la mto Arakawa, huanza wiki nzima kabla, Bi Negishi akiwa kwenye simu. "Watoto walale mapema. Viatu vipya hapana, watatembea kama bata. Na kama mna ugomvi umalizeni nyumbani, kwenye picha unaonekana." Ugomvi mwingi wa mji huu umemalizwa kwa ajili ya simu hizo, nami nasema hivyo bila kutia chumvi.

Kiangazi chetu kinajulikana. Kila Agosti mji unatajwa kwenye taarifa ya hali ya hewa kwa joto lake, nasi tunajivunia, sijui kwa lipi. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi Bi Negishi huwa ameshafika chini ya miti ya cheri, ana sanduku la barafu lenye taulo na chai ya shayiri, mwavuli mkubwa mweusi, poda yake ya uso, na kopo la dawa ya mbu linalofuka moshi kiunoni. Wateja wa zamani humtambua kwa harufu kabla hawajamwona. Mtoto anayelia hupewa donge la wali, baba anayetoka jasho huwekewa taulo baridi shingoni bila kuulizwa.

Mwaka mmoja baba kijana aliwavisha wanawe mwenyewe yukata, yale mavazi mepesi ya pamba ya kiangazi, akawakunjia upande wa kulia juu ya kushoto. Hivyo ndivyo tunavyowavisha maiti. Mama mkwe wake alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini. Bi Negishi akafungua mwavuli mbele yao kama pazia, akawavua na kuwavisha upya wale watoto, huku akimnong'oneza baba, "Hongera, umefunga vizuri sana. Kwa mazishi." Mama mkwe akafika, akamsifu mkwewe kwa mikono yake mizuri. Mpaka leo yule bwana hutuletea tikitimaji kila kiangazi, na anamkabidhi Bi Negishi tu.

Ana amri huyu mama! Bwana Kakuta mwenyewe akimwona anakuja hurekebisha kola. Lakini kitu kimoja kilimshinda: kupigwa picha. Kila Agosti sisi wafanyakazi wanne husimama mbele ya studio kwa picha ya mwaka, na kila mwaka mwavuli wake unamfunika nusu ya uso. Ukimwambia, anajibu, "Mimi ni wa kuandaa watu, si wa kuandaliwa."

Sasa nifike kwenye asubuhi ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika haya.

Miaka tisa iliyopita Bwana Shigeta alikuja tutani na watu wawili: mama yake, Bibi Fusae, na binti yake Kaho, mwenye miaka saba. Mkewe alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia. Na kazini walikuwa wamemhamishia Sapporo, mbali kaskazini, aondoke wiki ile ile peke yake, amwache mtoto kwa bibi. Alitaka picha moja ya kwenda nayo, ya wao watatu. Bi Negishi alikuwa amewaandaa vizuri, hata riboni ya Kaho ilikuwa imepigwa pasi.

Nikamwambia Kaho asimame katikati. Bibi Fusae akamvuta mkono kama anamtoa barabarani.

"Wewe kijana, una akili kweli? Watu watatu, unamweka mtoto katikati!"

Nilijua anachosema. Wazee wetu wanaamini wakipigwa picha watu watatu, wa katikati ndiye atakayetangulia kufa. Nilidhani siku hizi watu wanacheka tu.

"Nitakaa mimi," akasema bibi. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

"Hapana!" Kaho akapiga kelele. "Bibi asikae! Sitaki!"

"Basi nikae mimi, tumalize," akasema baba.

Hapo wakalia wote wawili, bibi na mjukuu. Jamani, moyo uliniuma. Mtoto alikuwa amempoteza mama miezi michache tu nyuma, na sasa watu wazima wanagawana zamu ya kufa mbele yake. Nikakumbuka dawa ya zamani, kuongeza mwanasesere awe wa nne. Nikatoa sungura wa kitambaa tunayewachekeshea watoto wadogo, nikamweka kwenye majani.

Kaho akamtazama, akajifuta kamasi. "Sungura si mtu," akasema. "Sungura hafi."

Jua lilikuwa linapanda na Bibi Fusae alikuwa ameshaanza kufunga mfuko wake. "Twendeni nyumbani. Picha si lazima." Bwana Shigeta akamshika Kaho mkono wamfuate. Angeondoka bila kitu.

Ndipo Bi Negishi akafunga mwavuli. Akaulaza chini, akafungua aproni, akavua lile kopo la dawa ya mbu. Akachuchumaa mbele ya Kaho.

"Mimi je, ni mtu?"

Kaho akafikiri. "Shangazi ni mtu," akasema, kama watoto wote wanavyomwita.

"Basi niandae. Siwezi kupigwa picha hivi, nimetoka jasho. Chukua poda."

Tangu nimjue, sikuwahi kumwona mtu mwingine akishika ile poda. Kaho akamfuta jasho kwa taulo, akamchana nywele za pembeni, akampaka poda mpaka pua ikawa kama ya mtu aliyetumbukia kwenye unga. Mtoto mwenye kazi hana nafasi ya kulia. Akarudi nyuma hatua mbili, akamkagua, akamwamuru, "Shangazi, kidevu juu." Sauti ile ile ya Bi Negishi! Bibi Fusae akacheka huku machozi hayajakauka, wakajipanga wote wanne, nami nikabonyeza.

Wakiwa wanne, hakuna wa katikati. Picha ile ilikwenda Sapporo na ikarudi na mwenyewe, mzima. Bibi Fusae yupo mpaka leo, na bado ananiita kijana asiye na akili. Kaho yuko sekondari ya juu, na kila kiangazi familia hii inarudi tutani kupiga picha. Baba aliporudi kwa kudumu nilimuuliza Kaho kama sasa wanaweza kupiga watatu. Akanitazama kama bibi yake. "Shangazi asipokuwepo, si familia yetu hiyo." Bi Negishi alisikia. Alijifanya anatafuta barafu, muda mrefu sana.

Ninajivunia kamera yangu, lakini kazi ambayo ninajivunia zaidi katika studio hii ni ile poda iliyozidi kwenye pua.

Bi Negishi, kuanzia Septemba Studio Kakuta itabaki na Bwana Kakuta, Ruriko wa mapokezi, na mimi. Hesabu mwenyewe. Agosti ijayo, mbele ya studio, nani atasimama katikati? Bwana Kakuta keshasema yeye hapana. Ruriko anaolewa mwakani, anasema tusimletee mikosi. Mimi ndiyo kabisa.

Asante, mama, kwa kutuandaa sote. Ulale mpaka jua lichomoze, ule tikitimaji lako kwa nafasi, uwe na afya na siku nyingi za raha. Lakini Agosti uje. Mwavuli uache nyumbani, tunataka uso wote, na Kaho ameshaahidi kuja na poda. Nafasi ya nne ni yako, nasi hatutaweka sungura.