Sinia la Kitanda cha Tisa

Mgeni rasmi, ambaye pia ni Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi: shikamooni.

KARIBU

Karibu katika ukumbi huu, ambao siku za kawaida ndio bwalo letu. Tuwie radhi kwa harufu ya vitunguu. Tumepiga deki mara mbili na haijatoka. Tumefurahi kukuona, ingawa furaha yetu leo ina kasoro, nayo tutaisema kwa heshima zote.

TULIKOTOKA

Tulianza kozi ya ufundi sanifu wa lishe tukiwa ishirini na wanne. Nyumbani walitucheka. Mjomba wa mmoja wetu aliuliza, "Miaka miwili mizima unasomea uji?" Ndiyo, tumesomea uji: wa mgonjwa wa figo, wa mwenye kisukari, na ule mzito wa aliyepooza, ambaye ukimpa mkate au chai nyepesi anaweza kupaliwa.

Aliyetushinda sote ni mwenzetu tuliyempachika jina la Gramu. Huyu hata chumvi ya mboga za bwenini alikuwa anaipima. Tukimtania alikuwa akijibu, "Chekeni tu. Mkiugua mtanitafuta."

MAFANIKIO

Tulipanga kueleza hapa kwamba katika hospitali tunakofanyia mazoezi, masinia mia moja na ishirini hufika wodini kila asubuhi bila kuchelewa. Ni kweli, hayachelewi. Haraka hiyo ndiyo iliyotuponza.

CHANGAMOTO

Kadi za sinia, zenye jina la mgonjwa na aina ya chakula chake, ziliisha muhula wa kwanza. Tukarithi desturi ya waliotutangulia: kuandika kwa chaki ukingoni mwa sinia namba ya kitanda, basi. Mpishi mkuu wa hospitali alitukanya, "Wanangu, kitanda hakili." Tukacheka, tukaendelea.

Mwezi uliopita paa la wodi lilivuja alfajiri. Wauguzi wakamhamisha mzee aliyepooza kutoka kitanda cha tisa, wakamlaza cha kumi na moja, ambacho mgonjwa wake alikuwa ameruhusiwa usiku. Jikoni hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Zamu ya kugawa ilikuwa ya Gramu. Sinia la tisa, lenye uji mzito, likabaki kando ya kitanda kitupu. La kumi na moja lilikuwa na mkate na chai. Mzee alikuwa na njaa, akala. Alipaliwa vibaya, na siku ya tatu akafariki.

Binti yake, fundi cherehani, alipokuja tulimpa pole kwa msiba wa "mzee wa kitanda cha tisa". Akatutazama mmoja mmoja. "Kitanda gani tena? Mimi nimekuja kumchukua baba." Hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina la baba yake. Tuliona aibu, na mpaka leo tunaiona.

Gramu alisimamishwa masomo. Hakujitetea. Alisema tu, "Nilipeleka sinia kitandani. Sikulipeleka kwa mtu."

Mgeni rasmi, mficha maradhi, kifo humuumbua. Hatutaki kuficha tena. Chaki ile tuliishika sote. Na asubuhi ile, aliyeandika kumi na moja kwenye sinia la mkate hakuwa Gramu. Ni huyu anayekusomea risala hii.

MAOMBI

Tunaomba kadi zirudi, hata za kukata kwa mkono.

Tunaomba pia Gramu arudi. Mtihani wa mwisho ni Jumatatu, na barua ya kumsimamisha ina sahihi yako. Hatuombi kosa lisahauliwe. Tunaomba tulibebe wote ishirini na wanne, kwa adhabu yoyote utakayoona inafaa, naye afanye mtihani pamoja nasi.

Leo mpishi mkuu huyo, aliyekuja kutupikia, amemwombea ruhusa asaidie jikoni. Chakula chako cha mchana amekipima Gramu, baada ya kumuuliza dereva wako daktari amekukataza nini. Atakuletea sinia mwenyewe, lina kadi, na kabla ya kuliweka mezani atakuuliza jina lako. Tafadhali, usione amekukosea adabu. Mjibu.

Mungu akujalie afya na safari njema, na amlaze pema yule mzee, ambaye jina lake sasa tunalijua sote.

Ni sisi, wanachuo wa lishe mwaka wa pili: ishirini na watatu tulio mbele yako, na mmoja aliye jikoni.