Anselmo Tugonon, Aliyeuondoa Wimbo Juu ya Mlio

“Nani ameikata rekodi yangu sikio moja?” Hivyo ndivyo alivyouliza marehemu kaka yetu Anselmo, tuliyemwita Manoy, yaani kaka mkubwa, asubuhi ya tarehe 2 Desemba 2011, amesimama jikoni, miwani mkononi. Nilimjibu kuwa ni mimi, na kwamba kompyuta ilijaa mikwaruzo mitupu wakati sisi tunatafuta nafasi ya nyimbo za sikukuu.

“Kushoto na kulia ni sauti ile ile,” nikasema. “Nimefuta moja.”

“Perpetua, na wewe una macho mawili. Nikutoe moja?”

Nitalimaliza hilo. Kwanza nimpe heshima yake.

Anselmo Tugonon alizaliwa Bato, Catanduanes, tarehe 21 Aprili 1949, mtoto wa pili wa Mzee Ciriaco na Mama Leonila, wakulima wa abaka, mgomba wa nyuzi za kamba. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bato, kisha chuo cha redio Legazpi, akahitimu mwaka 1970. Wazazi waliuza nguruwe ili asome. Sisi wengine tuliishia darasa la sita, na hatukuacha kumkumbusha.

Alikuwa mtu wa redio melini miaka ishirini na miwili, kisha katika kituo cha bandari ya Virac hadi alipostaafu mwaka 2009. Kilichomuudhi katika kazi hiyo ni kwamba sauti ikishapita hewani, imepita. Akaanza kurekodi mawimbi siku nzima na kuandika programu zake mwenyewe za kuyachambua baadaye, bila mtandao, hata baada ya kimbunga. Kubwa kati ya hizo aliiita Salaan, yaani chujio. Iliichora sauti kama picha, ukaona kwa macho kilichozama kwenye mikwaruzo, kisha ikausoma mlio na kukupa herufi. “Hewani mtu anasema mara moja,” alizoea kusema. “Kwenye faili unamsikiliza mpaka umwelewe.” Aliitoa bure, na watu waliitumia kuanzia Davao hadi Surabaya.

Tarehe 5 Juni 1976 alimuoa Wenifreda Sarmiento, mwalimu wa hesabu. Barua ya posa aliiandika kwa nukta na vistari vitupu. Wenifreda aliisoma yote, akairudisha na makosa yake matatu yamezungushiwa wino mwekundu, na chini ameandika: “Ndiyo, lakini rudia mstari wa nne.”

Sasa lile sikio. Tarehe 14 Novemba 2011 chombo cha mizigo cha mume wangu, Nahodha Fermin Abundo, kilizama. Wanane waliokolewa. Mpishi, Pacifico, hakuonekana tena. Uamuzi wa wachunguzi ulitoka tarehe 1 Desemba: nahodha alichelewa kuomba msaada. Wakamnyang’anya leseni. Fermin aliapa kwamba saa nne na dakika kumi na saba alibonyeza kitufe cha hatari, kinachotuma mlio wenye namba ya chombo na mahali kilipo. Hakuna kituo kilichokiri kuusikia. Kesho yake Manoy akafungua rekodi ya siku ile, akakuta nusu yake. Nilikuwa nimefuta ushahidi wa mume wangu kwa ajili ya karaoke.

Rekodi za namna ile, alinieleza, zina pande mbili ili ujue kipi kiko kulia na kipi kushoto. Ukibakiza upande mmoja, vyote vinakunjana kama karatasi yenye wino mbichi. Kituo cha muziki kilikuwa kimeangukia juu ya mlio wa chombo. Mwingine angenipiga kwa mwiko. Yeye alikaa miezi mitatu. Alijua kuwa wimbo wa kituo kile una mbavu mbili zinazofanana, moja kila upande wa wimbi lake, na ni ubavu mmoja tu uliougusa mlio. Akaupima ule mzima, akautoa kwenye ule mwingine, kidogo kidogo, mpaka tarehe 8 Machi 2012 herufi zikatoka: namba ya chombo, mahali, saa nne na dakika kumi na saba.

Aliwapelekea wachunguzi faili, programu na kila hatua kwenye karatasi. “Msiniamini,” aliwaambia. “Rudieni wenyewe.” Wakarudia. Juni leseni ikarudi. Kisha akakiondoa kwenye Salaan kitufe cha kufuta upande mmoja, kile nilichobonyeza mimi. “Kilikuwa kinaitwa Perpetua,” alisema mezani. “Nimekizika.”

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki hospitalini Legazpi tarehe 9 Machi 2023, saa kumi na moja alfajiri, Wenifreda akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, mabinti Jocelyn na Rhodora, wajukuu watano, na mimi dada yake.

Watu wa redio wana desturi: ukisikiwa, unamtumia aliyekusikia kadi yenye tarehe, saa na sahihi yako. Miaka kumi na moja Manoy alimdai shemeji yake kadi ya mlio ule. “Kadi ya kuzama, shemeji?” Fermin alimjibu kila mara. “Na Pacifico je?” Manoy hakumlazimisha, na hakuacha kudai.

Jana, kabla jeneza halijafungwa, Fermin aliitia kadi kwenye mfuko wa shati la Manoy. Ina tarehe, saa, majina ya watu tisa, la Pacifico likiwa la kwanza, na sahihi ya nahodha.

Manoy, lala kwa utulivu. Bwana akupokee.