Nani Atasimama Chini ya Mnara

KAGABO: Haloo! Ofisi ya Kagabo, Kigali. Nani huyu ananipumulia tu bila kusema?

UMURERWA: Ni mimi, mzee. Umurerwa. Shikamoo.

KAGABO: Marahaba. Unapigia wapi? Sauti iko mbali sana.

UMURERWA: Posta ya Gisenyi, kwenye kibanda. Natumia kadi. Simu ya ofisi yetu ya Nengo imekufa tangu juzi.

KAGABO: Bon. Munara ya maji ya Rugerero, umechapa plan? Basi ya saa sita inaniletea?

UMURERWA: Nimechapa. Lakini si mnara wako.

[Laini inakwaruza.]

KAGABO: Nini? Rudia.

UMURERWA: Nimesema si wako, mzee! Niliochapa ni wangu. Wa thelathini na nane.

KAGABO: Wa thelathini na— Umurerwa, mi nilikuachia munara moja. Moja!

UMURERWA: Ukaniachia na kompyuta. Ile programu ukibadilisha namba moja, mnara mzima unajichora upya. Nikitanua miguu, ngazi inafuata, tangi linafuata. Nikasema hebu nijaribu wa pili. Halafu wa tatu...

KAGABO: Mupaka thelathini na nane! Kazi hauna?

UMURERWA: Hiyo ndiyo kazi! Kila mnara robo saa, na umeme ukikatika naanza upya. Unafikiri nilikuwa nacheza?

KAGABO: Sikia, mutoto. Munara yangu bazungu ya proje, wale wanalipa kazi, waliona, walipenda. Miguu myembamba, tangi kule juu. Muzuri kabisa. Picha yake iko ku ukuta yao.

UMURERWA: Ikae huko huko ukutani. Sisi jana tumeuangusha.

KAGABO: Mumeangusha nini?

UMURERWA: Mnara wako. Subiri... Kaka, bado naongea, panga foleni! Haya, mzee. Nilitoa vipimo kwenye kompyuta, fundi Nzabonimpa akakata matete kule ziwani, tukajenga minara midogo. Inanifika kiunoni. Minne: mmoja wako, mitatu yangu. Juu ya kila mmoja tukaweka kopo la maziwa, limejaa maji. Tukaipanga mezani, Nzabonimpa akaishika meza akaanza kutikisa.

KAGABO: Kutikisa meza, juu ya nini? Anatafuta nini?

UMURERWA: Umekaa Kigali sana, mzee. Huku tuko na volkano hapo jirani. Wiki iliyopita tu vikombe vimecheza kabatini, mpaka mama mwenye nyumba akalala nje.

KAGABO: Na yangu?

UMURERWA: Hata mkono hajaukaza. Pwaa! Maji yote kwenye kitenge cha Mukandutiye.

KAGABO: Mukandutiye ya komite ya maji? Alikuwa anafanya nini pale?

UMURERWA: Anapita na jerikani lake, yeye na wenzake sita. Tulikuwa uani, ndani meza haiingii. Akajifuta, akauliza, "Hiki kidude ni cha nani?"

KAGABO: Na we ukamujibu—

UMURERWA: Nikamjibu ni cha ofisi.

KAGABO: Bon. Hapo ulifanya vizuri.

UMURERWA: Nzabonimpa ndiye akamwambia ni chako.

KAGABO: Huyu muzee! Namufukuza! Na we nakufukuza naye! Munachezea matete mbele ya komite—

UMURERWA: Nifukuze. Ila wangu wa thelathini na nane haukuanguka. Meza ilihama mpaka ukutani, wangu umesimama tu.

KAGABO: Matete si beto! Tutaongeza chuma!

UMURERWA: Chuma ndani ya zege kikae wapi? Miguu umeikondesha mpaka chuma hakina pa kupita!

KAGABO: Mi ni architecte miaka kumi na tano! We ulisoma kuchora kule Bukoba miaka mbili!

UMURERWA: Miwili, ndiyo. Na kompyuta nimejifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha Kifaransa, na Kifaransa sikijui. Usinitishe na miaka.

KAGABO: We unaniongelesha mi namna hii?

UMURERWA: Leo, ndiyo. Kesho nitaomba radhi.

KAGABO: Utachapa munara yangu. Chini utaandika jina yako, imechorwa na Umurerwa, halafu unatia ku basi. Basi, c'est tout.

UMURERWA: Jina langu haliendi hapo. Bomba liko chini ya tangi, mzee. Tani hamsini za maji, na chini yake akina mama wamepanga majerikani, wana watoto mgongoni. Siandiki.

KAGABO: Nitaandika yangu peke yake!

UMURERWA: Andika. Na fundi utafute mwingine.

KAGABO: Nzabonimpa amesema nini?

UMURERWA: Desturi yake unaijua kuliko mimi. Siku ya kutoa mbao zinazoshikilia zege, yeye husimama hapo chini wenzake wakigonga. Tangu kazi za Goma. Kila tangi alilojenga amesimama chini yake. Ameniambia, "Ya Kagabo, mi sisimami."

KAGABO: Alisema vile mbele ya bamama?

UMURERWA: Hapana. Aliniita pembeni, na ilimuuma kuisema. Akanisimulia tangi la kwanza, Goma, wewe ukiwa mwanafunzi bado. Mlisimama wawili. Anasema mkono wako ulilowa jasho, lakini hukukimbia.

[Laini inakwaruza.]

UMURERWA: Mzee? Upo?

KAGABO: Niko.

UMURERWA: Kadi inakwisha, inanionyesha uniti nne. Nijibu kimoja tu. Siku ya kutoa mbao za mnara wako, utakuja usimame chini?

KAGABO: Umurerwa...

UMURERWA: Utasimama? Maana mimi chini ya wangu nitasimama. Hata ukinifukuza leo, siku hiyo nitapanda pikipiki mpaka Rugerero, nisimame pale na Nzabonimpa.

KAGABO: Bazungu watasema iko mubaya. Imetanua miguu sawa mutoto ya ng'ombe.

UMURERWA: Waseme! Wao wanachota maji pale?

[Karatasi zinachakarika upande wa Kagabo.]

KAGABO: Toka muguu mupaka muguu... kule chini. Iko meta ngapi?

UMURERWA: Unauliza ucheke, au uandike?

KAGABO: Niko na kalamu ku mukono! Sema!

UMURERWA: Mita saba! Kule juu nne na nusu. Unene wa mguu—

KAGABO: Saba? Yangu ilikuwa tatu.

UMURERWA: Ndiyo maana ukalala! Saba, mzee, usipunguze hata kidogo. Ukigusa hiyo moja, zote zinabadi—

[Mlio wa laini iliyokatika.]

KAGABO: Haloo? Saba, nimeandika. Na jina yako naitia juu ya yangu, umesikia? Umurerwa? Haloo?