Kiti cha Mama Shuka

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Leseni. Msimamizi wa makao yetu. Wakufunzi mliotoka mbali. Wauguzi na wahudumu wenzetu: tunawasalimu kwa heshima zote na kwa pumzi fupi. Risala hii tumeipima kwa saa ya ukutani. Ikisomwa bila kukohoa, inakwisha saa nne kasoro dakika tano, na saa nne kamili wazee wanageuzwa. Ukituona tunachungulia dirishani, tusamehe. Si dharau, ni roho tu haitulii.

KARIBU

Karibu sana. Ukumbi huu ni chumba cha kulia cha wazee, ambao leo wamekunywa chai vitandani ili sisi tupate pa kukaa. Babu wa kitanda cha saba aliuliza ni nani aliyemchukulia meza yake. Tukamwambia ni wewe. Akasema sawa, ila ukimaliza uirudishe.

TULIKOTOKA

Makao haya yalianza na wazee tisa na muuguzi mmoja. Leo wazee ni thelathini na mmoja, na muuguzi yule bado yupo. Tunamwita Mama Shuka. Ukiajiriwa hapa, kabla hujapewa sare, anakuingiza chumba cha kufulia, anakulaza juu ya meza ya kupigia pasi na kukugeuza kwa shuka. "Umesikia nilipokuvuta?" atakuuliza. "Basi hapo ndipo kidonda cha bibi kinapoanzia." Sote tulioko hapa tumelala juu ya meza ile, Msimamizi akiwemo, tena na suti yake.

MAFANIKIO

Huu ni mwaka wa pili hakuna mzee aliyepata kidonda cha kulalia upande mmoja. Msimamizi amehudhuria mafunzo mengi ya uongozi wa makao, na vyeti vyake vimejaa ukutani hadi kalenda imehamia nyuma ya mlango. Vilevile, wauguzi wote wametimiza saa za mafunzo endelevu zinazotakiwa ili leseni zihuishwe. Hiyo sentensi ya mwisho ni uongo kidogo, na tunaisahihisha sasa hivi.

CHANGAMOTO

Ya kwanza ni gari. Ya pili ni vitanda visivyopanda wala kushuka. Hizo zimo kwenye kiambatisho, utazisoma ukipata nafasi. Ya tatu haina muda wa kungoja.

Semina ikija, lazima mtu abaki wodini. Kwa miaka mitatu mtu huyo amekuwa Mama Shuka.

"Nendeni nyie, mimi nipo," husema.

"Na wewe utakwenda lini, mama?"

"Wazee wakipona uzee."

Tunacheka, tunapanda gari, tunakwenda. Tukirudi tunamkuta na daftari: "Haya, nifundisheni." Tunamfundisha huku tunakunja mashuka, na mara nyingi yeye ndiye anayetusahihisha. Saa hizo hazihesabiwi popote. Zetu, za kukaa kitini na kusinzia baada ya chakula, zimehesabiwa zote.

Leseni yake inakwisha Ijumaa. Amepungukiwa na saa kumi na mbili, ambazo ndizo saa za semina hii ya siku mbili unayoifungua. Na utaratibu wa Baraza unasema asiyekuwepo wakati wa ufunguzi hahesabiwi. Ijumaa ikipita, hataruhusiwa kumpa mzee hata kidonge.

Tuligundua jana mchana, Msimamizi alipofungua mafaili. Tukamkimbilia Mama Shuka. "Nilijua," alisema. "Ningesema, nani angebaki?" Tuliona aibu, Mgeni rasmi. Tunaiona hata sasa. Leo asubuhi ametutangulia wodini, akafunga aproni, akasema hatoki mpaka mtu wa kumpokea zamu asimame mbele yake.

Kwenye rasimu, Msimamizi aliikata sehemu hii kwa kalamu nyekundu. Asubuhi ameirudisha kwa mkono wake mwenyewe na kuandika pembeni: "Isomwe polepole."

MAOMBI

Yalikuwa tisa. Tumebakiza mawili.

Kwanza, masomo ya chumba cha kufulia yahesabiwe. Mtume mtu aje ayaone, ikibidi alazwe mezani. Daftari la Mama Shuka la masomo hayo yote, aliyotoa na aliyopokea, liko mbele yako. Ni la miaka kumi na minne, na madoa yake ni ya sabuni.

Pili, kile kiti kitupu cha mstari wa pili ni chake. Anayewasomea risala hii saa zake zimeshatimia. Akiiweka karatasi mezani, anakwenda wodini kupokea zamu. Msimamizi anamfuata kushika upande wa pili wa shuka, maana kwa sasa anayeushika ni mpishi, na kama unatarajia chakula cha mchana, ni vizuri mpishi arudi jikoni. Tunakuomba usisimame kufungua semina mpaka mlango ule ufunguke. Huenda Mama Shuka akachelewa kidogo, kwa kuwa hawezi kumwacha mzee nusu ubavu. Tafadhali msubiri.

Mwenyezi Mungu akupe uzee mrefu, na katika uzee huo akupe mtu wa kukugeuza kila baada ya saa mbili.

Ni sisi,
Wauguzi na Wahudumu wa Makao ya Wazee,
tuliofundishwa juu ya meza ya pasi.