Vijiti vya Dada Lin

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu hapa Guangzhou, Mzee Sostenes. Maman Françoise, mwenye mgahawa huu, uliyefukuza wateja wako leo ili sisi tukae kwa nafasi. Wageni waalikwa kutoka masoko ya Zhanxi na Shahe, na ninyi mliovuka kutoka Foshan. Dada Lin, mgeni wetu wa heshima, mwenye duka la viatu. Na wewe Benedicta unayeagwa, ambaye kwa itifaki ulipaswa kutajwa mwanzo, lakini nimekuweka mwisho kwa makusudi. Tumsifu Yesu Kristo! Na wale wa upande wa pili, Bwana asifiwe!

Kwa wasionifahamu, naitwa Kalista, mtu wa Rombo. Mwenyekiti amenipa dakika chache nimsifu Benedicta kabla hajarudi Songea. Anasema amenichagua mimi kwa kuwa ndimi rafiki yake wa karibu. Mzee Sostenes, ungeuliza kwanza. Mimi Benedicta namwonea wivu. Sikusema nilimwonea. Namwonea, hivi hivi nilivyosimama hapa na gauni langu jipya, yeye amevaa lile lile la mwaka juzi na bado mnamtazama yeye.

Tena mwoneni pale alipokaa. Amemwinamia Dada Lin sikioni, anamtafsiria kila ninachosema. Kwa hiyo hata hotuba yangu lazima ipite mdomoni mwake ndipo imfikie mgeni. Benedicta, na hilo mtafsirie. Usipunguze neno.

Ndugu zangu, sisi wa biashara tunajua chimbo ni nini. Ukipata duka lenye mzigo mzuri, na bosi asiyekubabaisha, humwambii mtu. Mfuko wenye jina la duka unaugeuza ndani nje kabla hujafika barabarani. Ukiulizwa viatu hivi umevitoa wapi, unajibu "kule," na mkono wako unaonyesha Guangzhou nzima. Nani humu ndani hajafanya hivyo? Maman Françoise, usicheke. Wewe ulinituma Shahe nikahangaike na jua kutafuta suruali ulizonunua Liuhua.

Chimbo langu mimi lilikuwa Dada Lin. Nilimpata mwenyewe, Zhanxi, nyuma ya ngazi, mahali ambapo usipopotea hufiki. Nikamtunza kimya kwa miaka. Akaja Benedicta, mgeni, hajui kusema *tai gui* bei ikimshinda, akiambiwa *mei you* anasubiri aletewe, hajui kwamba ameambiwa hakuna. Nikamhurumia. Nikamshika mkono nikampeleka kwa Dada Lin. Huruma ile ninaijutia mpaka leo.

Kwa maana tuna adabu yetu, na hata asiyeifuata anaijua: mtu aliyeonyeshwa chimbo hamtangulii aliyemwonyesha. Benedicta amenitangulia. Na laiti ingekuwa kwenye bei! Kwenye bei ningemshitaki kwa Mwenyekiti, mngetukalisha, angenilipa soda yakaisha. Lakini nitamshitaki kwa lipi, ikiwa alichonitangulia ni kupendwa?

Sikilizeni ilivyoanza. Siku ile ile niliyompeleka, mchana, Dada Lin akatuagizia wali wa boksi. Benedicta akafungua boksi lake, akafumba macho, akaanza kusali kwa sauti, taratibu, kama yuko jikoni kwao. Wateja wanapita, mikokoteni inagonga mlango, mtu anapiga kelele apishwe na mzigo wake. Nikamkanyaga mguu. Akamaliza, akasema amina, ndipo akanigeukia: "Dada Kalista, mbona unanikanyaga?" Mbele ya watu!

Dada Lin akamuuliza alikuwa anafanya nini. Mimi nikawa nimeshaandaa jibu, niseme kichwa kinamuuma. Benedicta akaiambia simu yake, simu ikasema kwa Kichina: "Namshukuru Mungu kwa chakula hiki, na nimekuombea wewe uliyetununulia." Dada Lin akaishika ile simu akataka irudie tena.

Na mimi je? Msinifikirie vibaya, nami nilikuwa nasali kila mchana katika duka lile. Ila nilisali nimeinama, kichwa kimezama kwenye mkoba, kama mtu anayetafuta vijiti vyake vya kulia. Na Dada Lin, kwa wema wake, kila akiniona nimeanza kutafuta ananiletea vijiti vingine. Namaliza kusali, nainua uso, vijiti hivi hapa, na yeye anatabasamu. Ninavyo nyumbani vya kutosha kufungua mgahawa. Maman Françoise, jihadhari.

Nijibu mapema wale wanaosema mji huu hauna nafasi ya mambo hayo. Sisi ni wageni, nchi ina taratibu zake, tunazijua. Benedicta hakusimama sokoni kuhubiri, hakugawa karatasi, hakumvuta mtu shati. Lakini niulize: kuna mtu aliyewahi kukukataza kushukuru kwa sahani yako ya wali? Hapa mtu hakugombezi kwa sababu ya Mungu; hakuulizi tu, ana kazi zake. Basi tukaambiana wenyewe kwa wenyewe kwamba kunyamaza ndiyo heshima, na ndiyo biashara. Benedicta akiulizwa anajibu. Hilo tu, ndugu zangu, ndilo analoagiwa kwa pilau na keki leo. Anaulizwa, anajibu, kisha anaendelea kuchagua viatu.

Wivu ulianzia kwenye kiti. Mimi miaka yote nilikaa juu ya katoni. Benedicta akatafutiwa kiti, chenye mto. Halafu kikombe, kikombe chake mwenyewe cha maji ya moto, kimeandikwa jina lake kwa Kichina, kinaning'inia karibu na picha ya mama yake Dada Lin. Nikamweleza Maman Françoise kwamba Benedicta ananiharibia biashara. Akanitazama akasema, "Ma sœur, ile ni jalousie, iko nakukula mu roho." Nikamwambia si wivu, hajui kitu. Maman, ulijua.

Kisha mama yake Dada Lin akaugua. Mimi nilinunua matunda, kikapu kizuri chenye utepe, nikampa Dada Lin pale dukani. Benedicta alikwenda hospitali. Akamuuliza yule bibi kama angependa kuombewa, bibi akaitikia kwa kichwa, akaombewa. Hakupona. Nalisema wazi ili asije mtu akanukuu hotuba hii kama ushuhuda wa muujiza. Bibi alifariki, na Benedicta alirudi tena, akaosha vyombo, akakaa na wafiwa ambao lugha yao alikuwa bado hajaijua. Na hapo, nisameheni, nilipoona Dada Lin amemlalia Benedicta begani analia, nilichowaza mimi ni kwamba lile bega lilipaswa kuwa langu. Nilimjua kwanza!

Tangu hapo wanakwenda kanisani pamoja kila Jumapili. Dada Lin hajabatizwa, na hajasema atabatizwa. Anakaa, anasikiliza, anauliza maswali njia nzima ya kurudi. Nami nilipojua wanasali ibada ya saa nne, nikahamia ya asubuhi mapema. Nikiulizwa Jumapili nilikuwa wapi, nasema nililala. Mtu wa Rombo, mtu mzima, namficha Mungu wangu kama ninavyouficha mfuko wa duka.

Sasa nifike kwenye jambo lililoninyima usingizi. Juma lililopita nilikwenda kwa Dada Lin kuchagua makubazi. Hakunitajia bei. Alinivutia kile kiti chenye mto, akaniketisha, nikajua leo kuna jambo. Akaiambia simu yake, simu ikanisomea kwa Kiswahili chake cha ajabu ajabu, lakini nilielewa. "Kalista, Benedicta anaondoka. Wewe una marafiki wengi wa Afrika. Je, unamfahamu mwingine anayemwamini Mungu kama yeye? Sitaki kwenda peke yangu."

Mnasikia? Amenifahamu kabla ya Benedicta. Amekula nami mara nyingi kuliko alivyokula na ndugu zake. Na ananiuliza mimi kama namfahamu mtu. Hakuwa ananitania, wala hakuwa ananichoma. Kwa kweli kabisa, hakujua.

Nami mnajua nilijibu nini? Nilimwambia, "Nitauliza."

Nikatoka pale nimemkasirikia Benedicta, mwenye kosa la kuwepo. Nimemkasirikia juma zima. Nimeshona gauni hili nikiwa nimemkasirikia. Hata leo nilikuja nimejipanga kuwasomea maneno mazuri ya karatasini kuhusu bidii na ushirikiano, kisha niketi. Lakini nimeingia nikamkuta Dada Lin amekwishafika, amevaa vizuri, anawatazama ninyi nyote mmoja mmoja. Nikajua anatafuta. Anatafuta yule mtu nitakayemtafutia. Amenipungia mkono mimi, kisha akaendelea kutafuta kwenye meza zingine.

Benedicta, mwenzangu. Nenda salama Songea. Unaondoka na wivu wangu, sina dawa yake, nikiona picha zako utaniuma tena. Asante kwa kuuliza mbele za watu kwa nini nakukanyaga mguu. Na sasa nakuomba unyamaze. Hili la mwisho usimtafsirie, nitamwambia mwenyewe.

Shida ni kwamba Kichina changu ni cha bei na saizi. Cha sala sina, sikuwahi kukihitaji. Lakini neno moja ninalo, amenifundisha mwenyewe bila kujua, mchana baada ya mchana; mengine simu hii itanisemea.

Dada Lin. *Kuaizi.* Vijiti. Tazama, hivi hapa juu ya meza, mbele yangu, vyote viwili. Sikuvipoteza. Siku zile zote sikuwa natafuta vijiti.

Uliniuliza kama namfahamu mtu. Ni mimi.

Ndugu wageni waalikwa, chakula kimefika na Mwenyekiti amenikabidhi nikiombee. Nawashukuru kwa masikio yenu. Mkoba wangu nimeuacha mlangoni, tufumbe macho.