Mpinzani Niliyemwacha Ameketi

Assalamu alaykum. Na ndugu zetu wa kanisani mliokuja leo, karibuni sana, hapa ni kwenu. Nimeomba kusema kabla ya chakula kwa sababu najijua. Nikishiba nitapata udhuru wa kwenda kuosha masufuria, na maneno yatabaki tumboni.

Wengi mnanijua tangu utotoni, binti wa mwenye duka la viungo hapa Brooklyn Center. Marehemu mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kijapani kule Golden Valley. Siku zisizo na shule nilikwenda naye, na yule bibi, kwa kuchoka kuniona nikizurura sebuleni kwake, akanifundisha shogi. Ni mchezo wa ubao, jamaa yake sataranji, ila una jambo moja: kete ya mwenzako ukiila inakuwa yako, unairudisha ubaoni ikupiganie. Baba ni mcheza bao, mnamjua, na kwenye bao pia unachokula unakirudisha ubaoni upande wako. Nilipomweleza hilo alicheka, akasema, "Hawa Wajapani ni watu wetu hawa, wamepotea njia tu."

Niliupenda mchezo ule kuliko shule. Nikaenda Japani, nikasota na wanafunzi wanaotafuta kuwa wachezaji wa kulipwa, nikaanguka, nikarudia, mwishowe nikapokewa. Mlinisomea dua katika ukumbi huu huu. Kuna mama hapa, simtaji, alinishonea dera akaniambia kimono chao nisikivae mpaka nishinde kombe. Mama, dera lilinienea vizuri. Kombe sikulisogelea. Nilikuwa wa chini miongoni mwa wa chini, na hilo sikuwaambia. Baba akiuliza, nilijibu, "Naendelea, baba."

Kisha likaja pambano lililoonyeshwa mtandaoni. Kwangu asubuhi, kwenu jioni. Mlipika, mkakaa hapa kutazama ukutani, baba akiwaeleza. Mpinzani wangu alikuwa mwanamke mtu mzima, aliyecheza kabla mimi sijazaliwa. Na ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa namshinda! Na kwa kuwa nilikuwa namshinda, nikaacha kuuwaza ubao nikaanza kuwawaza nyinyi, jinsi mtakavyopiga vigelegele.

Katika shogi kuna kete ndogo, tuziite askari. Huruhusiwi kuweka askari wako wawili katika mstari mmoja wa kwenda mbele. Mtoto hufundishwa hilo mwanzo kabisa. Askari wangu mmoja alikuwa nyuma, karibu na goti langu, nikamsahau, nikamweka wa pili mbele yake. Ukifanya hivyo umeshindwa papo hapo, hata kama ulikuwa unaongoza. Nilimwona mwanamke yule akiutazama mkono wangu, kisha akanitazama usoni, kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyonimaliza.

Sasa, mchezo ule una adabu zake. Anayeshindwa huinamisha kichwa na kusema kwa sauti, "Nimeshindwa." Halafu haondoki mtu. Wote wawili hubaki palepale wakiurudia mchezo, aliyeshinda na aliyeshindwa, wakionyeshana palipoharibika. Mimi sikuinama wala sikusema. Nilisimama nikatoka, koti langu nikaliacha.

Tangu hapo, kabla ya kuweka kete nilikuwa naukagua mstari mara tatu, mpaka muda unaniishia. Nikashindwa, nikashindwa tena, nikaomba kuacha kabla hawajaniondoa.

Sikurudi nyumbani. Nilirudi Anoka, mwendo mfupi tu wa gari kutoka hapa. Binamu yangu anaishi kule, nikamwapisha asimwambie mtu, nikapata kazi ghalani ya kufunga mizigo. Msimu mzima wa baridi baba aliamini niko Japani. Jamani, mnisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo uso wangu unapowaka. Baba ana desturi. Akimaliza kuswali adhuhuri, hunipigia simu aniamshe kwa swala ya alfajiri, maana huko Japani saa yake inakaribia. Basi mimi, katika mapumziko yangu ya kazi, na chakula mkononi, nilikuwa naikwaruza sauti kama mtu anayetoka usingizini. Nilikuwa naangalia kwenye simu hali ya hewa ya Tokyo ili nimdanganye vizuri. Yeye ananiambia, "Huku theluji imetufunika, mwanangu, una bahati wewe." Nami theluji ile ile naiona dirishani. Namjibu, "Pole, baba."

Binamu yangu alinisema. "Wallahi wewe ni noma! Mzee yuko hapa tu chini, ni ku-drive kidogo tu!" Nikamwambia ngoja kwanza. Kungoja nini, hata sikujua.

Ikaja Jumatano moja, ya kwanza ya mwezi. Wenyeji wa hapa mmeshaanza kucheka. Saa saba mchana baba amepiga, nami nimejikohoza kikohozi cha usingizi, mara king'ora cha kujaribia tahadhari ya vimbunga, kile cha kila mwezi siku hiyo, kikaanza kulia. Kikalia kwake Brooklyn Center na kwangu Anoka, kwa pamoja, ndani ya simu moja.

Baba akangoja kikome. Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, hicho king'ora ni changu ama ni chako?"

Nikasema, "Ni chetu, baba. Niko Anoka."

Alifunga duka akaja nyumbani kwa binamu yangu. Nilitegemea kofi. Nilitegemea anililie, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. Aliketi, akavua viatu vyenye theluji, akauliza, "Yule mama ulimuaga?"

"Mama gani?"

"Yule uliyekuwa ukicheza naye. Ulipotoka, nilizima picha pale ukumbini, nikawaambia watu mtandao umekatika. Mimi nikatoka nje kwenye gari nikaendelea kutazama kwa simu yangu. Yuwangoja yule mama, mwanangu. Amekaa na ubao, atazama mlango. Yuwadhani utarudi." Akavisogeza viatu vyake kando. "Kushindwa kila mtu hushindwa. Lakini kumwacha mtu ameketi vile, sikukufunza."

Nililia, sifichi. Kisha nikaitafuta namba ya yule mwanamke kwa rafiki mmoja aliyekuwa bado huko, na kwao kulipokucha nikampigia, baba akiwa pembeni yangu. Nilitaja jina langu, nikainama mbele ya simu, nikasema kwa Kijapani, "Nimeshindwa." Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

 Yule mwanamke akaniambia, "Ngoja nilete ubao." Akazipanga kete zote kwa kichwa, hatua kwa hatua, mpaka pale nilipokosea. Akasema, "Hapa nilikuwa nimekwisha. Nilikuwa natafuta namna ya kuinama kwa heshima. Nimetaka sana kukuuliza, hatua ile uliyoniziba nayo uliiona tangu wapi?" Tukaurudia mchezo wote. Baba hakuelewa neno, akanywa chai yake mpaka ikapoa, lakini hakuondoka.

Sikurudi kwenye mashindano. Msilipambe hilo, mlango ule umefungwa na bado unaniuma. Ila sasa naweka kete bila kuukagua mstari mara tatu, na Jumamosi nafundisha shogi kwa yeyote anayetaka. Namshukuru binamu yangu, aliyebeba uongo wangu nyumbani kwake na bado akanipikia. Namshukuru mwanamke yule. Na ninachoweza kuwapa ni hiki: ukianguka, usimkimbie aliyekuona ukianguka. Huenda ndiye pekee anayejua ulikuwa umefika wapi.

Aibu haijaisha. Tazameni mikono yangu inavyolikunja buibui. Lakini kuna aibu nyingine ambayo si yangu, na hiyo ndiyo iliyonisimamisha hapa. Baba yangu hana mazoea ya uongo. Mlimuuliza dukani, mlimuuliza msikitini, "Binti vipi? Lile pambano lilikwishaje?" naye kila mara akawajibu mtandao ulikatika. Amewadanganya marafiki zake kwa ajili yangu.

Baba, mbele ya watu hawa, nisamehe. Na nyinyi nyote: mtandao haukukatika. Kuanzia leo, mwenye swali asimuulize mzee. Mimi nipo.